Kudesa na Kujibizana

Likizo iliyopita kijana mmoja wa Kitanga, wilayani Kasulu, aliye mwaka wa pili chuo kikuu, aliniletea insha yake juu ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein. Aya ya kwanza nilimsikia yeye mwenyewe, na Kiingereza chake cha kupapasa. Ya pili, loo! Kumbe anazungumza profesa. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, haya ya nani?" Akainama. "Kaka, nilidesa. Mwenyewe kasema vizuri zaidi."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Vyuoni wanafundishwa: andika jina la mwandishi, mwaka, ukurasa, maneno yake yafungie alama za kunukuu. Sawa. Halafu wanatishwa: ukiiba, unafukuzwa. Lakini kitisho hakimfundishi mtu kusema la kwake. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili leo anatakiwa abishane kwa Kiingereza; ni ajabu gani akijificha nyuma ya sentensi za wengine? Wapo wanaobadili maneno mawili matatu wakadhani wamepona. Wapi! Wazo la mtu ni la mtu, hata ulivishe kanzu mpya.

Basi wafundishwe vipi? Tazama kurasa za mashairi magazetini. Mshairi akitaka kumjibu mwenzake humtaja jina, hueleza alichosema, ndipo humpinga. Na mara nyingi ubeti wa mwisho huweka jina lake mwenyewe. Hayo ndiyo maandishi ya kitaaluma, ila yana vina. Hussein naye, aliyetoa tamthilia yake mwaka 1969, alieleza kwamba Kinjeketile wake si yule yule wa historia ya Maji Maji. Alichokopa kinajulikana, alichobuni kinajulikana. Nani atamwita mwizi?

Nilimwambia kijana afunge kitabu, anisimulie hoja ya profesa kwa Kiswahili. Akasimulia, alipokwama akaingiza Kiha. Nikamwuliza, "Na wewe unakubali?" Akasema hapana! Profesa kamwona Kinjeketile shujaa tu; yeye anamwona mtu aliyenaswa na neno lake mwenyewe. Hiyo ndiyo insha! Akaandika upya: akamtaja profesa, akamjibu. Kiingereza bado kinapapasa, lakini ni chake.

Mwalimu asiyeuliza swali hilo, anayehesabu mabano tu, asishangae akivuna kasuku.