"Chanjo ya kizazi": tangazo linalojichongea

Halmashauri zinapojiandaa kuchanja wasichana wa miaka 9 hadi 14, tangazo hupita kwa gari la spika, hubandikwa ofisi ya kata na kusambaa kwenye magrupu ya wazazi. Maneno hutofautiana kidogo tu: ndugu mzazi au mlezi, kutakuwa na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, itatolewa shuleni na kwenye vituo vya afya, ni bure, ni salama, haina madhara. Tarehe, muhuri, basi.

Kama andiko la kuelimisha, mimi nalipa alama ya chini. Umuhimu halijautia chumvi, maana hakuna saratani inayoua wanawake wengi Tanzania kuliko hii. Ila limeacha jambo moja ambalo lingejibu karibu maswali yote ya mzazi: chanjo hii inazuia kirusi, na saratani huzuiwa kwa njia hiyo.

Tuanze na jina. Mtaani jina refu hukatwa, na hili likikatwa linabaki "chanjo ya kizazi". Hebu lisikilize kwa masikio ya mama aliyezoea kusikia "kufunga kizazi" kwenye huduma za uzazi wa mpango. Uvumi kwamba chanjo inawafanya mabinti wasizae upo hata kwenye nchi zisizojua Kiswahili, kwa hiyo siwezi kulitwisha jina mzigo wote. Lakini kwa nini tuukaribishe na kuupa kiti? Mtoto wa wiki 6 huchomwa chanjo ambayo ndani yake imo ya homa ya ini aina ya B, kirusi ambacho nacho huleta saratani. Sijawahi kusikia mtu akiiita chanjo ya saratani ya ini.

Sasa kirusi chenyewe. Kinaitwa HPV, kina aina nyingi, na aina mbili, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Maambukizi mengi mwili huyafuta wenyewe. Yale yanayong'ang'ania huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Chanjo ni ganda tu la kirusi, halina vinasaba ndani, haliwezi kuzaliana wala kuambukiza. Mwili unalisoma ganda hilo na kutengeneza kingamwili mapema. Kirusi kikishaingia, chanjo haikitoi.

Hapo ndipo penye jibu la mama anayeuliza, "Nesi, huyu bado mtoto, tena haumwi, mnamchoma ya nini?" Anachomwa kwa sababu hiyohiyo: bado mtoto, hajakutana nacho. Kirusi huenea kwa kujamiiana, na nadhani aibu ya kusema neno hilo ndiyo iliyolifanya tangazo liwe bubu. Matokeo yake mzazi analijua hilo kwa jirani, likiwa limepindishwa: eti serikali inadhani binti yake ameshaanza.

"Haina madhara" nayo ifutwe. Mkono huuma, kichwa huuma, wengine hupata homa kidogo, na wasichana wa umri huu wanaweza kuzimia baada ya sindano, ndiyo maana hutakiwa kukaa kama dakika 15. Akianguka mmoja kwenye foleni ya shule iliyoambiwa hakuna madhara, nani atamtuliza mzazi?

Halafu kuna suala la dozi. Chanjo ilipoanza nchi nzima mwaka 2018, wasichana wa miaka 14 walichomwa mara mbili. Tangu 2024 ni mara moja. Dada alipata mbili, mdogo wake moja: mzazi ana haki ya kuuliza kama dawa imepungua. Jibu limetoka hapahapa nyumbani, jamani! Utafiti wa DoRIS ulifanyika Mwanza: wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawiwa kwa kura dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye, karibu wote waliochomwa mara moja bado walikuwa na kingamwili dhidi ya aina 16 na 18. Kiwango chao kilikuwa chini kuliko cha wenzao wa dozi tatu, lakini kilitulia, hakikuporomoka. Kenya nako utafiti mwingine ulionyesha dozi moja inakinga. Tangazo halina hata nusu mstari juu ya Mwanza.

Mimi ningeandika hivi:

"Mzazi, tunawachanja mabinti wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya HPV, kirusi kinachoenea kwa kujamiiana na ambacho baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani. Tunawachanja mapema ili kirusi kikija kikute kinga. Sindano ni moja. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kenya umeonyesha inatosha. Mkono utauma, na binti atakaa dakika 15 kabla ya kuondoka. Haigusi uwezo wake wa kuzaa. Asiyesoma shule aletwe kituo cha afya. Na akiwa mtu mzima aende kupimwa, maana zipo aina za kirusi ambazo chanjo haizikingi."

Inaenea kwenye karatasi ileile, muhuri ukiwemo.