Breki Ikikanyagwa, Indiketa Inawaka

Chukua pikapu kuukuu, tuseme Hilux ya miaka ya 1990 iliyozeekea kwenye kubeba samaki. Ukikanyaga breki, taa ya breki ya kushoto inafifia, huku indiketa ya upande huohuo ikiwaka kinyonge bila kuitwa. Balbu zimeshabadilishwa, fyuzi ni nzima. Hapo ndipo wengine huanza kukata nyaya. Fundi umeme ninayemhusudu hata boksi la vifaa hajaligusa. Amesimama nyuma ya gari anatoa amri kwa kijana wake aliyeko kwenye usukani.

"Dogo, kanyaga breki. Achia. Washa ndogo. Zima. Kanyaga tena."

Anazisoma taa. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wati 5 za taa ndogo, wati 21 za breki. Umeme huingia kwa njia tofauti lakini hutoka kwa njia moja, yaani ganda la balbu, soketi, kisha waya wa athi hadi kwenye bodi. Na indiketa nayo mara nyingi hutumia athi hiyohiyo. Njia hiyo ikiliwa na kutu, umeme wa breki huchepuka, ukapenya kinyumenyume kwenye balbu ya jirani na kutafuta athi kwingine, hata kishale cha dashibodi kikamulika. Kwa hiyo hahangaiki na waya unaoleta umeme. Anautafuta unaourudisha.

Sasa ndiyo anatoa mita, na hapa ustadi wake unaonekana. Hapimi huku balbu ikiwa imechomolewa, kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima bado utaonyesha volti 12 na kukudanganya mchana kweupe. Anaiacha balbu mahali pake, breki imekanyagwa, ncha moja ya mita kwenye ganda la soketi, nyingine kwenye negativu ya betri. Athi nzima ingesoma karibu na sifuri. Hii inasoma volti 4.

Anagusisha kipande cha waya kutoka soketi hadi kwenye chesisi, na taa inawaka nyekundu ya kukufanya ufumbe macho. Wapo wanaofunga tepu hapohapo na kudai hela yao. Yeye anakiondoa, anaingia chini ya gari na kuufuata waya mweupe wenye mstari mweusi mpaka kwenye bolti chini ya bodi, mahali maji ya chumvi yamekuwa yakidondokea miaka yote. Anamenya plastiki: shaba ndani ni nyeusi. Anakata, anamenya tena, anakata, mpaka shaba ing'ae. Anabana kichwa kipya, anapiga msasa bodi mpaka chuma cheupe kitokeze, anafunga bolti, anapaka grisi.

Kisha anafungua taa ya kulia, ambayo haina tatizo lolote, maana maji ya samaki hayakuchagua upande. Bei haibadiliki.