Mbele ya mlango wa Tippu Tip: njia ya watembezi wa Mji Mkongwe

Njia ambayo wageni huitembea katika Mji Mkongwe wa Unguja yastahili kusomwa kama matini. Ina mwanzo, ina mpangilio, tena ina mambo inayoyanyamazia. Kwa kawaida hupita Forodhani, penye Ngome Kongwe na Beit-al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake ilibomoka Desemba 2020. Kisha hupenya vichochoro hadi Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililosimamishwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hapo njia hupaza sauti. Sanamu za Clara Sörnäs, zilizowekwa mwaka 1998, zimo shimoni na minyororo shingoni, wala hazihitaji mkalimani. Vyumba vya chini vilivyo jirani havina nguvu hiyo: jengo lililo juu yake ni la wamisionari, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba watumwa walifungiwa humo.

Sisi tuisomayo njia hii kutoka Kongo twasimama zaidi Shangani, mbele ya nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mgeni huonyeshwa mlango wa nakshi, huambiwa kwamba mwenyewe alifanya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, akafariki mwaka 1905. Basi, safari huendelea. Si uongo, bali ni sentensi iliyokatwa katikati. Pembe hizo zilitoka wapi, na nani alizibeba? Manyema haitajwi, wala Kasongo, wala Nyangwe. Na hali kanisani msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone, huonyeshwa kwa heshima. Ni Livingstone huyo aliyeshuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 1871.

Upungufu huu watugusa kwa kuwa Kiswahili tunachokifundisha kilifika Lualaba pamoja na misafara hiyo, na kwa kuwa mwenye nyumba hakunyamaza. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Humo aeleza, bila haya yoyote, jinsi alivyoupata utawala wa Utetela: alijidai kuwa ni jamaa wa mtemi Kasongo Rushie, kwa hadithi aliyoitunga kutokana na habari alizozipata kwa wenyeji, na mzee akamwachia nchi. Mwaka 1887 akawa liwali wa Léopold wa Pili huko Stanley Falls, ndiyo Kisangani yetu.

Pendekezo letu ni dogo: kisa hicho cha Utetela kisomwe pale mlangoni, kwa lugha yake yenyewe. Wapo watakaosema kwamba kumsoma ni kumtukuza. Hatuoni hivyo. Nakshi ya mlango ndiyo imtukuzayo. Maneno yake yaonyesha nani alidanganywa, na nchi gani ilichukuliwa.