Rafiki Amchorapo Rafiki

Achoraye uso wa mwenzake anamhukumu pia, kwa maana yeye ndiye anayechagua lipi lionekane na lipi lifichwe. Tutazame picha moja ya mwaka 1888, ambamo Paul Gauguin, Mfaransa, alimchora Vincent van Gogh, Mholanzi, akiwa kazini.

Vincent alipanga nyumba ndogo mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, akitamani wachoraji waishi humo kama ndugu. Mwezi wa Agosti, alipokuwa akimngojea Gauguin, alichora maua ya alizeti ili kupamba chumba cha mgeni wake. Gauguin alifika tarehe 23 Oktoba. Walikaa pamoja majuma tisa hivi, wakifanya kazi bega kwa bega na kubishana sana.

Gauguin alichora picha yake juu ya kitambaa cha gunia. Kushoto mna chombo chenye alizeti. Kulia ameketi Vincent, ameunyosha mkono wenye burashi nyembamba. Tunamwona kutoka juu kidogo, kama mtu mzima amtazamavyo mtoto. Uso wake ni mzito, na macho yake karibu yanafumba. Ajabu! Huyu ambaye nguvu yake yote ilikuwa katika kutazama, anaonyeshwa kama asiyeona.

Tena, majira ya alizeti yalikuwa yamekwisha kupita. Gauguin aliyatoa maua yale kichwani mwake, kwa kuwa alifundisha kwamba mchoraji achore kwa kukumbuka. Vincent alipenda kitu kiwe mbele ya macho yake. Basi ugomvi wao wenyewe umo ndani ya picha, na aliyeshika burashi ndiye aliyejipa ushindi.

Je, ni picha ya haki? Baada ya miaka mingi Gauguin aliandika kwamba Vincent, alipoiona, alikiri kuwa ni yeye, lakini yeye aliyerukwa na akili. Habari hiyo tuipokee kwa uangalifu, maana anayeisimulia ndiye mwenye picha. Lakini Vincent mwenyewe, katika barua ya mwaka 1889 kwa ndugu yake Theo, alikubali kwamba siku zile alikuwa hivyo kweli, amechoka mno. Na tarehe 23 Desemba 1888 ugonjwa ulimshika, akajikata sikio, Gauguin akaondoka.

Kwa hiyo tusimwite Gauguin mwongo. Aliuona uchovu wa mwenzake kabla ya wengine, na rangi zake alizipanga kwa ustadi mkubwa. Kosa lake ni kwamba aliuona udhaifu, asiuonyeshe wema. Hata hivyo wema huo haukufichika wote. Picha hiyo imehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lenye jina la Vincent. Ukiitazama, usikomee usoni. Tazama na maua yale: ndiyo aliyomwandalia mgeni wake kabla hajafika.