Shirika la Elimu Kibaha na Mtoto wa Mfanyakazi

Wahenga walisema, Mkono mmoja haulei mwana. Kwa neno hili twakusudia kuipima kazi ya jirani yetu mkubwa, yaani Shirika la Elimu Kibaha, lililoko Tumbi karibu na Maili Moja. Kuipima si kuitukana. Mwalimu asahihishaye daftari hutia alama ya vyema na alama ya kosa, wala hamchukii mwanafunzi.

Kwanza tutaje mema yake. Kazi hii ilianza mwaka 1963 kwa msaada wa Uswidi na jirani zake wa kaskazini mwa Ulaya, nayo ikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Waanzilishi hawakujenga shule peke yake. Waliweka pamoja shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima, na matibabu ya wagonjwa, maana walifahamu ya kuwa ujinga, maradhi na umaskini ni ndugu watatu walao chungu kimoja. Ukimfukuza mmoja na kuwaacha wawili, yule atarudi usiku. Hekima hiyo twaisifu. Hospitali ya Tumbi, iliyoota katika mbegu ile, imekuwa hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani, na majeruhi wengi wa barabara ya Morogoro wamepona humo.

Walakini twaona upungufu. Mpango ule ulimtazama kila mtu mahali pake: kijana darasani, mkulima shambani, mgonjwa kitandani. Jamaa ya wafanyakazi, baba na mama na mtoto wao pamoja, haikutazamwa. Shule ya Sekondari Kibaha hupokea wavulana wateule kutoka pande zote za nchi. Ni heshima kwetu, lakini mwana wa mwuza mboga wa Maili Moja aweza kukua jirani nayo asiipate ila kwa sifa.

Tena Maili Moja si kijiji cha wakulima tu. Dar es Salaam iko yapata kilomita 40, na wengi hupanda gari alfajiri kwenda kazini, wakarudi taa zimekwisha kuwashwa. Je, mtoto wa miaka mitatu aachwa na nani? Twaona mara kwa mara kwamba aachwa na dada yake wa miaka kumi. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Lakini binti huyo hakuzuiwa na ada, amezuiwa na mbeleko.

Iko kazi nyingine iliyoona mbali zaidi. Katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, mpango uitwao Elimu Haina Mwisho huwarudisha masomoni wasichana waliokatizwa shule, wengine kwa sababu ya uzazi. Vyuoni humo watoto wao wamewekewa mahali pa kulelewa, mama awapo darasani. Hapo mama na mtoto huingia kwa mlango mmoja, na hili ndilo twaliona kuwa bora. Lakini mlango huo ni wa mama mwanafunzi. Mama mchuuzi angali nje.

Basi, tusiwangoje wageni. Nyumba zetu za ibada zina mabenchi yakaayo bure siku nyingi za juma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua vituo vya kulelea watoto mchana, nasi yatupasa kuifuata: walezi waliofundishwa, maji, choo safi, na uji wa kutosha. Zaidi ya hayo, mlango ufunguliwe kabla ya gari la kwanza, usifungwe mpaka mama arudi. Kituo kifungwacho adhuhuri chamfaa mwenye nafasi, hakimfai mfanyakazi.

Bwana wetu aliwaita watoto wadogo waje kwake, wala hakuwauliza wazazi wao wafanya kazi gani. Sisi tulio na funguo za nyumba yake, twawafungulia siku gani?