Unyumba wa Warsan Shire, ukisomewa Dagahaley

Kiswahili kina neno unyumba, na mtu akilitamka mbele ya kadhi hakuna anayedhani anazungumzia matofali. Wasomali nao harusi huiita aqal gal, yaani kuingia nyumbani. Kiingereza hakina neno kama hilo. Nadhani ndiyo maana Warsan Shire, aliyezaliwa Kenya mwaka 1988 kwa wazazi Wasomali akakulia London, ilimbidi aijenge nyumba hiyo chumba kwa chumba katika shairi lake The House.

Shairi limekatwa vipande vyenye nambari. Mama anamweleza binti kwamba ndani ya mwanamke mna vyumba vilivyofungwa, na wanaume huja, huyu na funguo, yule na nyundo. Tazama ufundi wake: wa nyundo anapewa sentensi pacha na ya wa funguo. Mwendo ni uleule, kifaa tu ndicho kilichobadilika. Sauti haipandi nyundo inapoingia, na utulivu huo hunitisha kuliko ukelele.

Sasa lipeleke Dagahaley, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na Dadaab, Kenya. Kwa wafugaji wa Kisomali aqal, nyumba yenyewe, ni kazi ya mwanamke: yeye hupinda fito, yeye hufunga mikeka, na siku ya kuhama yeye huibomoa na kuipakia ngamiani. Kambini maturubai na matambara yalishika nafasi ya mikeka. Kufuli utalitia wapi? Miaka ile ya mwanzo wanawake walivamiwa usiku vibandani, na mchana wakiwa porini kutafuta kuni. Nyundo inataka mlango. Taswira hii ya mjini inamkopesha mwanamke mlango ambao wa Dagahaley hakuwa nao.

Kwa hiyo mimi huganda kwenye kipande kingine, kifupi mno: baba amelazwa juu ya meza ya chakula, kinywa kimezibwa kwa tofaa jekundu, na binti anataka kujua kama mama atamla. Sisi husema aliyeoa amepata jiko. Hapa jiko ndilo limempata. Kinywa kilichozoea kughani mashairi ya gabay na kuamua mashauri sasa kina tunda. Lakini anayeandaliwa mezani na tofaa mdomoni, katika karamu za Wazungu, ni nguruwe. Katika nyumba ya Kiislamu, swali la binti si la njaa tena, ni la halali na haramu, na kipande kinakatika kabla mama hajajibu.