Wakataji wa Nta wa Mulago

Kipande cha uvimbe kikifika maabara ya patholojia, hakisomeki. Ni nyama laini tu. Hulowekwa kwenye formalini kisioze, kisha hupitishwa kwenye alkoholi inayozidi kuwa kali hatua kwa hatua mpaka maji yote yatoke, halafu kwenye zailini, na mwisho kwenye nta iliyoyeyushwa. Nta ikishaganda, fundi hukifunga kwenye mashine ya kukatia na kuanza kuzungusha gurudumu lake polepole. Anakata unene wa mikroni 4, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 250. Ganda la ndani la kitunguu likiwekwa kando yake litaonekana nene. Utepe hutoka umejikunja; huuinua kwa brashi, akautandaza juu ya maji ya uvuguvugu, akauopoa kwa kioo. Kisu kikiwa na pengo, mkwaruzo utapita katikati ya seli. Maji yakizidi moto, tishu itatawanyika. Mwenye papara haiwezi kazi hii.

Kisha rangi. Himatoksilini hupaka viini vya seli buluu ya zambarau, eosini hupaka kilichobaki waridi. Hapo ndipo daktari hukaa kwenye hadubini.

Ni vioo vya namna hii vilivyoipa Kampala nafasi yake katika historia ya saratani. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, alionyeshwa mwaka 1957 mtoto aliyevimba taya pande zote, na mwaka uliofuata akauandikia ugonjwa huo makala akiuita sarkoma. Jina lake ndilo lililobaki, na sina ugomvi na hilo, kwani macho yake yalikuwa makali. Lakini aliyaona mataya. Waliosoma vioo walikuwa wanapatholojia wa chuo cha Makerere, Jack Davies na Gregory O'Conor, na kwa kusoma huko ikajulikana kwamba ni saratani ya limfu. Kwenye kioo seli zake zimesongamana, zimeiva rangi, na baina yake yametapakaa makrofaji meupe yaliyomeza seli zilizokufa. Wanapatholojia huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hulitambua kabla hajaketi sawasawa.

Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Vipande vyake vilipelekwa kwa ndege kutoka Entebbe hadi London, kwa mtafiti Anthony Epstein, ambaye kwa muda mrefu alishindwa kuviotesha. Desemba 1963 ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester. Chupa ilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengi wangesema bakteria wameingia, wakamwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli hai zinaelea, zimejinasua kutoka kwenye kipande. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokikuta ndani ya seli za aina hiyo.

Ajabu ya seli hizo inaeleweka zaidi ukikumbuka kilichogunduliwa Philadelphia mwaka 1961. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu, zikioteshwa maabara, hugawanyika mara 50 hivi kisha hukoma. Hazifi, huzeeka, zikakaa. Seli za uvimbe wa Burkitt hazina kikomo hicho, na mpaka leo kuna maabara zinazoendelea kuziotesha.

Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, John Ziegler na baada yake Charles Olweny waliwatibu watoto hao kwa siklofosfamidi, na kuna nyuso zilizorudi umbo lake ndani ya siku chache. Ilidhaniwa kwamba dawa huua seli, basi. Mwaka 2002 Clemens Schmitt na wenzake, wakiwa Marekani, waliwapa dawa hiyo hiyo panya wenye saratani iliyosababishwa na jeni ya myc, jeni ile ile inayovurugika katika ugonjwa wa Burkitt. Waligundua kwamba seli zikizuiwa kufa, dawa huweza kuzizeesha. Panya ambao uvimbe wao uliweza kuzeeka waliishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2018 Schmitt akaja na habari mbaya: seli iliyoponyoka kutoka kwenye uzee huo hurudi ikiwa kali kuliko mwanzo.

Seli iliyozeeka pia si mkaaji mwema. Hutoa kemikali za uchochezi zinazowadhuru majirani zake, na imehusishwa na makovu ya mapafu na kulika kwa viungo. Ndiyo maana watu wanatafuta dawa za kuiondoa. Lakini utaitambuaje? Tangu 1995 hutumika rangi ya buluu inayotegemea kimeng'enya kilichomo ndani ya seli hiyo, na formalini na nta hukiua kimeng'enya hicho. Tishu lazima iwe mbichi au iliyogandishwa, jambo gumu hospitali yenye foleni.

Hapa ufundi wa zamani ukarudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba Sudan Black B, rangi kongwe ya kupaka mafuta, hunasa lipofusini, taka zinazorundikana ndani ya seli iliyozeeka, hata kwenye tishu iliyokaa ndani ya nta. Kazi inabaki kuwa kuloweka, kukata, kupaka na kuosha kwa kipimo, kwa sababu rangi ikibaki chafu kioo huota madoa meusi yanayomdanganya msomaji.

Dawa zenyewe za kuziondoa seli hizo bado zinajikongoja. Jaribio la kwanza la dasatinibu na kwesetini kwa binadamu, lililotangazwa mwaka 2019, lilikuwa na wagonjwa 14 wa mapafu. Mwaka 2020 dawa nyingine, iliyolenga maumivu ya goti, haikuishinda dawa ya uongo. Hakuna hata moja iliyoidhinishwa kutibu uzee. Anayekuuzia kidonge cha namna hiyo, Kampala au mtandaoni, muulize seli zilizoondoka zilihesabiwa kwenye kioo kipi, na nani alikikata.